Hoteli ya Matete

Nikitaka kumweleza kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona, naanza na kiganja chake cha kulia. Hakupita karibu na uzio wa mtu bila kuusukuma. Hakuusukuma kwa hasira wala kwa mzaha. Aliweka kiganja, akaegemea kidogo, akasubiri. Uzio ukienda nyuma, alisema, "Hii imelala," akaendelea na safari yake. Ukikaa imara, hakusema kitu. Mwenye nyumba aliyetoka nje akamkuta ameushika uzio wake hakujua kama mama huyu amekuja kumsalimia au kumkagua. Mara nyingi yalikuwa yote mawili.

Kisiwani kwetu Nkombo tulimwita Mama wa Matete. Alikuwa na jina la ubatizo kama watu wote, lakini ukiulizia nyumba yake kwa jina hilo hata jirani yake angesita. Matete yalikuwa yake, kipande cha ufuko mahali ambapo ziwa linaingia ndani na kutulia, na matete yanasimama majini marefu kuliko mtu. Aliyakata, akayakausha, akayasuka. Nyumba nyingi za upande wetu zilizungushiwa uzio alioufunga yeye, na vichanja vingi vya kuanikia sambaza vilitandikwa mikeka aliyoisuka yeye. Sambaza ni samaki wadogo kama kidole. Hapa kwetu ndiyo chakula, ndiyo sabuni, ndiyo daftari za shule.

Ili kumwelewa ni lazima kujua mambo mawili yanayokutana kila mwaka. La kwanza ni kwamba ziwa hufungwa. Kiangazi kinapokaribia mwisho, mitumbwi hupandishwa ufukoni na hakuna ruhusa ya kuvua, ili sambaza wazaane na kukua. Wavuvi hushona nyavu, huziba nyufa za mitumbwi, hulala mchana, hugombana na wake zao. Ziwa hufunguliwa tena mvua zikiwa zimekwisha kuanza.

La pili ni mbayuwayu. Katika wiki hizo hizo wanafika, kwanza wachache, chini chini juu ya maji, mtu asiyeangalia haoni kitu. Kisha jioni moja unainua macho na juu ya matete anga limejaa. Wanazunguka, wanapanda, wanashuka, na giza linapoanza kushika wanadondoka wote ndani ya matete kama mtu amemwaga gunia la maharagwe. Wanalala humo wameshika vijiti, wamebanana. Asubuhi mapema hawapo.

Sheria yake ilikuwa moja. Mbayuwayu wa kwanza akilala, mundu ulipanda juu ya dari, na haukushuka mpaka wageni wasafiri. "Serikali imefunga ziwa," alisema, "na miye nimefunga matete."

Watu walimcheka na watu walimkasirikia, kwa sababu kisiwa chetu hukumbuka vichanja siku ziwa linapokaribia kufunguliwa. Miezi yote ya jua, matete yakiwa makavu na mundu uko chini, hakuna aliyekuja. Ndege wakishaingia, wote walisimama mlangoni kwake.

Kila asubuhi ya majira hayo alishuka gatini, mahali ambapo tunasubiri mtumbwi wa injini kwenda Kamembe. Hakuwa na safari. Alikuja kutoa habari. Alisimama kati ya madumu na vikapu, akiwa na kitambaa chake cha kichwa kilichofungwa upande, na watu walimchokoza kabla hajafungua kinywa.

"Maman, hoteli namna gani?"

"Imejaa."

"Bageni banalipa?"

"Banalipa sana. Weye nenda chini ya matete jioni, angalia juu, fungua kinywa. Utapata malipo yako."

Hakuhesabu ndege. Alikuwa na vipimo vyake. Wengi kabisa walikuwa "kama kanisa siku ya Noeli." Wa kutosha walikuwa "kama harusi ya mutoto wa muvuvi." Wachache, waliotawanyika, walikuwa "kama soko la Kamembe mvua ikianguka." Jioni mbaya kuliko zote aliitangaza kwa sauti ndogo: "Jana ilikuwa kama kilio cha muchoyo." Watu walielewa. Wengine walikuwa wamehudhuria vilio vya namna hiyo.

Hakuishia kwa mbayuwayu. Kila ndege aliyepita alipewa sentensi yake. Kitwitwi ndiye aliyefika kwanza, peke yake, akitembea juu ya mawe ya ufuko na kutikisa mkia bila kupumzika. Mama wa Matete alisema huyo ametumwa kuangalia vyumba. Keremkerem walipita juu sana, kwa kundi, tukisikia sauti zao kabla ya kuwaona, na hawakutua. "Hao bako na pesa," alisema, "banaenda kulala mbele." Mwewe wa kigeni walipozidi na kuanza kuiba sambaza wa mwisho waliobaki kwenye mikeka, alisema forodha imefungua ofisi. Mwaka mmoja korongo mweupe, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, alisimama gatini tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiangalia maji. Akina mama walinong'ona. Wengine walikataa kupanda mtumbwi kwa sababu yake. Mama wa Matete alimzunguka, akamtazama miguu, akatoa hukumu: "Huyu basi limemuacha." Watu wakacheka, wakapanda.

Na kozi. Huyo alikuja jioni, mwembamba, mwenye mabawa kama mundu, akapita katikati ya mbayuwayu na kuondoka na mmoja. Nilidhani atamrushia mawe. Hakufanya hivyo. Alikaa tu akitikisa kichwa. "Naye alitoka mbali," alisema, "atakula udongo?"

Kwa ndege wa hapa hakuwa na huruma hata kidogo. Mnana, wale wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia, aliwapiga kwa kombeo mwaka mzima kwa sababu walichana majani yake na kula mtama wake. Alikuwa na shabaha. Nilimwuliza mara moja tofauti ni ipi, ndege ni ndege. "Mnana ni jirani," alisema. "Ananijua, ninamujua, tunagombana. Mbayuwayu ninagombana naye kwa neno gani?"

Mtu anayesikia haya anaweza kufikiri alikuwa mama mkarimu. Hapana. Alikuwa mchoyo, na kisiwa kizima kilijua. Uzio wake, rugo kama tunavyosema kwetu, ulikuwa mrefu kuliko nyua zote, matete yamesukwa mara mbili, jicho halikupita. Tulisema ameujenga hivyo ili ale peke yake. Ukipiga hodi saa ya chakula, ulisikia sufuria ikifunikwa, kisha kimya, kisha anatoka akifuta mdomo. "Nimekula zamani," alisema, na midomo inang'aa mawese. Ukimwomba chumvi, aliuliza ni watu wangapi watakula, na mboga ni gani, na kwa nini hukununua jana. Jirani yake wa upande wa juu, mama mwenye ulimi, aliwahi kumwambia mbele ya watu wote gatini, "Maman, ndege wanalala kwako bure, miye kijiko cha chumvi unanifanyia mutihani?" Alijibu bila kugeuka, "Ndege hawajarudi mara ya pili wiki moja kuomba chumvi."

Kwa nini aliwalinda, sijui. Sababu alizotoa zilikuwa nyingi mno. Kwa katekista alisema ni viumbe vya Mungu. Kwa bwana kilimo alisema wanakula mbu. Kwa wavuvi alisema matete yakikatwa ndege wakiwa ndani, mwaka huo nyavu zitapasuka, na nadhani hiyo aliitunga papo hapo. Mimi nilipomwuliza alisema, "Muntu amelala. Unamukatia kitanda?" Hakuongeza. Wengi wetu tulizaliwa tukamkuta hivyo, na hakuna aliyejua ilianza lini.

Kulikuwa na jambo alilokosea, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Aliamini mbayuwayu wanatoka Bugarama. Bugarama ni ile tambarare ya mpunga chini huko kusini, na ni kweli kwamba kila jioni ndege walionekana wakija kutoka upande huo, maana mchana huenda huko kula wadudu juu ya mashamba ya mpunga. Kijana mmoja wa kuongoza watalii alikuja na darubini shingoni, akakaa naye vizuri, akamweleza taratibu.

"Maman, hawa banatoka Ulaya. Kukiwa na baridi kule, banavuka bahari, banavuka jangwa, banakuja huku."

"Ulaya iko upande gani?"

Kijana akaonyesha kaskazini, juu ya maji, kuelekea kisiwa cha Idjwi.

"Na hawa ninaona banatoka upande gani?"

"Jioni banatoka kusini, lakini hiyo ni kwa sababu ya chakula, Maman. Safari yenyewe—"

"Mutoto wangu, miye niko hapa kila jioni. Banakuja kwa njia ya bamama ba muchele."

Kijana ndiye aliyesema kweli. Radio ilisema kama yeye, mdogo wangu alikuja na kitabu cha shule chenye ramani na mshale mwekundu, na Mama wa Matete aliutazama mshale ule akasema umechorwa vizuri, ila umeanzia pabaya. Mpaka leo kuna watu gatini kwetu wanaosema "mgeni wa Bugarama" wakimaanisha mtu aliyetoka mbali sana.

Wavuvi nao walikosea kwa namna yao. Mwaka mmoja ziwa likiwa limefungwa na nyama hakuna, vijana wa kikosi kimoja walipata akili. Sambaza huvuliwa kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawazoa. Basi vijana wakasema, ziwa limefungwa, anga halijafungwa. Jioni ndege walipoingia, walisogeza mtumbwi kwenye matete, wakawasha taa zao, wakatandaza wavu wa sambaza juu, wakaanza kuimba wimbo wa kuvuta kama wanavyoimba majini. Mbayuwayu hawakuvutwa na taa. Waliruka kwa hofu pande zote, wengi wakaondoka, na waliobaki wavuni walikuwa wamenasa kwa vichwa. Tulisikia kelele tukaja. Mama wa Matete alikuwa amekwisha kuingia majini hadi kiunoni.

Hakupiga mtu. Alisema wavu uletwe nyumbani kwake, na vijana wenyewe wawanyonyoe. Walinyonyoa mbele yetu, manyoya yakishikamana na vidole vyao. Manyoya yalijaza beseni. Nyama haikujaza bakuli.

"Pika," aliwaambia.

"Maman, utakula?" aliuliza kapita wao. Kapita ni mkuu wa kikosi, na huyu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Wamekufa. Tutawafanyia misa?"

Wakapika, wakala pamoja, yeye na wao, kila mmoja na kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Alipomaliza alilamba kidole akasema, "Kikosi kizima, taa zote hizo, na mumeshiba hivi." Hawakurudia. Taa zile zilitaniwa gatini mpaka ziwa lilipofunguliwa.

Sasa niseme lililonihusu mimi.

Wazazi wetu walikufa karibu karibu, na mimi ndiye wa kwanza. Niliacha shule. Sikuiacha kwa machozi. Palikuwa na midomo ya kulisha, wadogo zangu watatu, wa mwisho wakati huo akiwa bado anasinzia mezani. Mama alikuwa ametuachia vichanja viwili na nafasi kwa kapita mmoja. Hiyo nafasi ndiyo mali. Asubuhi ziwa linapofunguliwa, kapita anagawa samaki wa kwanza kwa wanawake ambao vichanja vyao viko tayari, na utakayeanza naye siku hiyo unakwenda naye msimu wote. Asiyekuwa na kichanja siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine, na hakuna kesi.

Mwaka huo mvua ilikuja na upepo mbaya, wiki moja kabla ya kufunguliwa. Nguzo zilibaki. Mikeka ya matete ilikwenda yote, mingine tuliiona ikielea. Sikuwa na kitu cha kununulia wavu wa chuma Kamembe, na matete ya watu wengine yalikuwa yameuzwa zamani.

Baba mdogo alivuka kutoka bara, kutoka Mururu, kuja kutuona. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye mlango, akatazama nguzo tupu, akasema, "Wewe ni mutoto pia. Ziwa likifunguliwa nitarudi. Nikikuta unaanika samaki, nitakusalimia niende zangu. Nikikuta hivi, huyu mudogo ninakwenda naye. Mke wangu ana kichanga, atasaidia kubeba. Na wale wawili tutawatafutia watu."

Mdogo wangu wa mwisho alisikia. Alikuja akasimama nyuma yangu akashika nguo yangu, na hakuiachia hata nilipokwenda kuchota maji. Nilijua wakigawanywa, sitawakusanya tena. Nimeona familia zilizogawanywa. Wanasalimiana sokoni kama watu waliosoma pamoja.

Nikaenda kwa Mama wa Matete. Alikuwa amekaa nje ya uzio wake akichambua maharagwe.

"Maman, naomba matete ya vichanja."

"Matete yamefungwa."

"Ninajua. Upepo umebeba mikeka yangu."

"Nilisikia."

"Baba mdogo anakuja kuchukua batoto."

"Hiyo pia nilisikia."

"Nitakata pembeni tu. Pembeni hawalali."

"Hawalali pembeni kwa sababu pembeni kunazuia upepo. Ukikata pembeni, kati ndiyo inakuwa pembeni. Halafu watalala wapi?"

"Basi ndege ni bora kuliko batoto ba muntu."

Mkono wake ulisimama ndani ya maharagwe. Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Nyumba yenu inavuja?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi rudi ndani, Mukubwa. Mvua inakuja."

Aliniita hivyo siku zote, Mukubwa, mkubwa wa wadogo. Nilirudi. Nilimchukia njia nzima. Jioni hiyo mbayuwayu walikuja wengi, kama kanisa siku ya Noeli, na wadogo zangu wakatoka kuwaangalia. Mimi sikutoka.

Asubuhi nilisikia kitu kinavunjika upande wa kwake. Nikafikiri mbuzi ameingia kwenye uzio. Nilipofika, nilimkuta amepanda kigoda, kisu mkononi, anakata kamba za migomba zilizofunga uzio wake. Upande mzima wa mbele ulikuwa chini, matete yamelazwa vizuri, yamepangwa kwa urefu.

"Maman, unafanya nini?"

"Unaona ninacheza? Shika ule upande. Usivunje."

"Hii ni rugo yako."

"Niliijenga miye, sasa unanionyesha?" Alishuka kwenye kigoda akihema. "Matete mabichi yangepinda na uzito wa samaki. Haya yamekauka, yameshiba moshi, wadudu hawayataki. Ungekuwa na akili, jana ungeomba haya."

"Na weye utakaa namna gani?"

"Nitakaa ndani ya nyumba. Rugo si blanketi."

Nilianza kusema aksanti. Akanikata.

"Acha aksanti. Si zawadi. Bageni bakisafiri, utakata mwenyewe, utasuka mwenyewe, utarudisha. Na nitasukuma."

Tulibeba, mimi na wadogo zangu, tukipita njia ile mara nyingi na mizigo kichwani. Yeye alisuka nami mikeka siku mbili, akinifokea kwa kila fundo. Ziwa lilipofunguliwa, kapita alikuta vichanja vyangu vimesimama, rangi ya kijivu ya uzio wa zamani, akanimwagia samaki wa kwanza. Baba mdogo alikuja mchana. Alisimama akatazama sambaza wanang'aa juani, akaokota mmoja, akamla mbichi kama wanavyofanya watu wa bara kutuonyesha kwamba hawaogopi, akasema, "Sawa." Akanywa maji akaondoka na mtumbwi huo huo.

Kwetu mtu asiye na uzio ni kama mtu aliyetoka bila nguo. Mama wa Matete alikaa hivyo mvua zote zile. Yeye aliyekuwa akificha sufuria, sasa kila apitaye njiani aliona anachokula. Na tuliona: viazi vitamu, na maharagwe, na tena viazi vitamu. Mafuta yale ya mdomoni yalikuwa kijiko kimoja alichomimina juu ya chakula, kwa kipimo. Mama mwenye ulimi aliona kwa siku kadhaa bila kusema kitu, na kwake hilo halikuwa jambo dogo. Wiki iliyofuata alileta chumvi. Mama wa Matete alimwuliza ni ya nini, na kwa nini ni nyingi hivi.

Tulisikia pia sala zake. Alisali jioni, nje, akielekea matete, kwa sauti, akimweleza Mungu tabia za majirani mmoja mmoja, kwa majina. Zamani uzio ulizuia. Sasa watu walikuwa wakipita polepole. Wengine walisikia majina yao, wakarekebisha mambo yao. Mmoja alirudisha jembe.

Wageni waliposafiri, mundu ulishuka kutoka darini, nikapewa mimi. Nilikata, nilikausha, nilisuka. Ilinichukua muda kwa sababu nilifanya baada ya kazi ya samaki. Nilipomaliza upande wa mbele, alitoka, akaweka kiganja, akaegemea.

"Hii imelala."

Nikabomoa nusu, nikafunga upya. Akaja tena, akasukuma, akasubiri, hakusema kitu, akaingia ndani. Nikasikia sufuria inafunikwa.

Miaka imepita. Binti yake alimchukua akakae naye Kamembe, maana miguu ilikuwa imechoka na njia za kisiwa. Aliondoka kiangazi, kabla ndege hawajafika, na nadhani alichagua hivyo. Matete nayashika mimi. Mundu uko darini kwangu wakati ninaandika haya, na jana mwanamke kijana alikuja kuniomba fungu la matete ya vichanja akatoka amekasirika. Leo nitaenda kuangalia uzio wangu, nione upande gani unaweza kushuka.

Kila ninapopeleka sambaza soko la Kamembe nampitia. Mara ya mwisho ilikuwa majira kama haya, na sikwenda peke yangu. Mdogo wangu wa mwisho sasa ni fundi umeme, anapanda ngazi kwenye nyumba za watu na mkanda wa vifaa kiunoni, na siku hiyo alikuwa na kazi karibu na hapo. Akasema atanisindikiza.

Nyumba ya binti ni nzuri. Imezungushiwa ukuta wa simenti, juu yake wamepanda vipande vya chupa. Mama wa Matete alikuwa amewekewa kiti uani, mahali pekee ambapo unaona kipande cha anga. Alikuwa amekonda sana. Macho yalikuwa na ukungu, lakini alinijua kwa kikohozi.

"Mukubwa. Hoteli?"

"Jana ilikuwa harusi ya mutoto wa muvuvi, Maman."

"Si Noeli?"

"Bado."

"Watakuja. Barabara ya Bugarama iko na matope." Akafikiri. "Hapa keremkerem walipita asubuhi. Niliwasikia. Hata hapa hawakulala."

Nikasema kitu juu ya ukuta, kwamba ni mzuri, kwamba hapa mwizi haingii. Aligeuza kichwa upande wake.

"Nilisukuma," alisema. "Iko muzuri. Lakini muntu akija na shida, utamubomolea nini?"

Binti yake alileta chai, na Mama wa Matete akamwuliza sukari ni ngapi, akaambiwa, akasema ni nyingi. Kisha akamsikia mdogo wangu akisogeza mkanda wa vifaa.

"Huyu mwingine nani?"

"Ni mdogo wangu, Maman. Wa mwisho. Yule baba mdogo alitaka kwenda naye Mururu."

Vidole vyake vilizunguka kikombe.

"Ndiye yule?"

"Ndiye huyu."

"Sogea," alimwambia.

Mdogo wangu alisogea akasimama mbele ya kiti. Mama wa Matete aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono wa kulia, ukatafuta kidogo hewani, ukapata bega. Akaweka kiganja. Akaegemea kwa uzito wote aliokuwa amebakiwa nao, akasubiri.

"Maman, unanisukuma?" mdogo wangu alicheka, miguu yake mahali pake.

Mama wa Matete hakusema kitu.